Sauti Kabla ya Puja

Agnesi aliwasha kompyuta, akaweka mikono juu ya meza na kusubiri. Feni ilianza kuvuma, diski ikakwaruza kama kawaida, na kengele ndogo iliyo ndani ya kasha ikalia mara moja kuonyesha kwamba mashine imeamka. Baada ya hapo ilipaswa kusikika sauti ya mwanamume, kavu, ya Kiingereza, ikisema kwamba iko tayari. Haikusikika.

Aliandika jina lake na neno la siri, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Kimya. Alipapasa nyuma ya spika; waya ulikuwa mahali pake. Aligeuza kitufe cha sauti hadi mwisho, spika zikatoa mvumo hafifu wa umeme, basi.

"Shikamoo, Anti," Nirali alisema akipita na ndoo ya maji.

"Marahaba. Nani amegusa mashine yangu?"

"Imesafishwa tu, Anti. Tumesafisha duka zima jana. Leo Diwali."

Agnesi alijua kwamba leo ni Diwali. Tangu jana alikuwa akisikia ngazi zikiburutwa na makasha yakishushwa kutoka rafu za juu. Duka la Mama Sudha, Mtaa wa Aggrey, liliuza vipuri vya cherehani kwa jumla, na kila mwaka siku hiyo hesabu za zamani zilifungwa na mpya kufunguliwa mbele ya taa na sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Kabla ya hapo duka lilifagiliwa mpaka pembe za mwisho. Kilichokuwa kikuukuu, kilichovunjika au kilichorudufiwa kilitolewa nje. Kitakachofunguliwa kwenye puja, ibada ya siku hiyo, ndicho kitakachotumika mwaka mzima.

Mwaka huu kitakachofunguliwa kilikuwa na uzito mwingine. Nirali, mjukuu wa Mama Sudha, alikuwa amerudi kutoka chuo cha kompyuta huko Pune, na alimshawishi bibi yake aweke mfumo mmoja mpya wa stoo na mauzo kwenye mashine za duka. Fundi wa mfumo huo angekuja alasiri kutoka Posta. Mashine ya Agnesi pekee ndiyo iliyokuwa imeachwa, kwa sababu moja: ilizungumza, na mfumo mpya hauzungumzi.

Agnesi hakuona. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake akiwa tayari karani mkuu wa duka hilo. Mama Sudha hakumfukuza. Alimhamishia kwenye simu, na Agnesi, aliyesomea biashara hadi chuo, akawa anasema "subiri kidogo" na "hayupo" kutwa nzima. Baadaye mhadhiri mmoja alimpa diski za mfumo wa Linux na programu ya kusoma maandishi kwa sauti, wakavifunga pamoja kwa mkono, hatua kwa hatua. Tangu hapo barua zote kwa wauzaji wa Mumbai na Guangzhou aliziandika yeye, na majibu aliyasikiliza yeye. Mashine isipozungumza, angerudi kwenye simu. Halikuwa jambo la kubahatisha. Mama Sudha alikuwa ameshamwambia.

Agnesi alimwita bosi wake papo hapo ili asije akalisikia kwa mtu mwingine.

"Mama, mashine yangu haisemi."

Mama Sudha alikuja akiburuta kandambili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa nyuma ya kaunta. "Haisemi kabisa?"

"Kabisa."

"Itapona?"

"Sijui bado. Sijajua kinachoumwa."

"Agnesi, mimi sitaki kufungua mwaka na kitu kibovu. Wewe unajua. Nikiwasha taa ya puja haijasema, fundi anaweka mfumo wake na humo pia. Wewe tutakutafutia kazi."

"Simu."

"Simu si kazi?"

"Ni kazi," Agnesi alisema. "Mpaka uwashe taa, basi."

"Mpaka niwashe taa."

Alipoondoka, Agnesi alivuta kibodi karibu. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya kitu kikiharibika ni kubadilisha mambo mengi kwa pamoja. Yeye aliamua kukata tatizo vipande viwili, kisha kipande kibovu akikate tena.

Je, mashine yenyewe ilikuwa inasikia anachoandika? Aliandika amri ya kuliza kengele ya ndani. Ikalia. Kwa hiyo kibodi ilifanya kazi, na jina lake lilikuwa limekubaliwa. Kutoka hapo alijipatia lugha ya kuongea na mashine bubu: kila amri aliyoiandika aliimalizia kwa sharti kwamba ikifaulu kengele ilie mara moja, ikishindwa ilie mara mbili.

Je, spika zilipata sauti? Kulikuwa na faili la sauti aliyorekodi mwanawe Aaron, siku ya kwanza mashine ilipofungwa. Aliliita. "Mama, usisahau kunizima!" ilisema sauti ya Aaron dukani, kubwa mno kwa sababu alikuwa amegeuza kitufe hadi mwisho.

Kutoka stoo alisikika Mwinyimvua, mtunza stoo, akicheka. "Mama Aaron, mtoto kaja kazini leo?"

"Hayupo. Ni ushahidi tu."

Spika zilikuwa nzima, na njia ya sauti ilikuwa nzima. Alipunguza kitufe.

Je, yule msemaji mwenyewe alikuwepo? Programu inayogeuza maandishi kuwa sauti ilikuwa peke yake, mbali na programu inayosoma skrini. Aliiandikia jina lake moja kwa moja. Sauti kavu ya kiume ikatamka jina la Agnesi vibaya kama ilivyolitamka siku zote, ikilivunja katikati kama muwa.

"Huyo kafufuka!" Mwinyimvua alipaza sauti.

"Hakuwa amekufa," Agnesi alisema. "Kuna mtu katikati hampelekei maneno."

Aliyekuwa katikati ni skripti: faili la maandishi ya kawaida, lililoandikwa kwa lugha ndogo iitwayo Tcl, ambalo kazi yake ilikuwa kuchukua kila kilichotokea kwenye skrini na kumpelekea msemaji. Agnesi aliliendesha peke yake. Kengele ililia mara mbili. Kwa hiyo hapa ndipo palipokatika.

Skripti ikishindwa huandika sababu kwenye skrini, na sababu hiyo ndiyo aliyoihitaji. Angeweza kumwita Nirali aje asome. Alifikiri kidogo, kisha akaona hakuna haja. Msemaji alikuwa mzima, na aliweza kusema chochote alichopewa. Aliendesha skripti tena, safari hii akiagiza kwamba malalamiko yake yote, badala ya kwenda kwenye skrini, yamwagwe moja kwa moja kwa msemaji.

Sauti ikamsomea kwa nini haikuweza kumsomea. Skripti haikukiona kifurushi fulani cha nyongeza cha Tcl. Hakipo.

Aliiuliza mashine ni toleo gani la Tcl lililomo. Nane nukta nne, ilijibu. Akauliza kuhusu nane nukta tatu, toleo la zamani, lile ambalo kifurushi cha nyongeza kilitengenezwa kwa ajili yake. Kengele mbili. Akalitafuta kwenye folda ambamo lilikuwa limekaa tangu siku ya Aaron. Kengele mbili. Folda yenyewe haikuwepo.

"Nirali!"

Msichana alikuja akinukia sabuni. "Naam, Anti."

"Jana ulisafisha nini kwenye mashine hii? Usiniambie vumbi."

"Vumbi. Na ndani pia. Niliangalia orodha ya programu, nikaona kitu kimoja kipo mara mbili, cha zamani na kipya. Nikaondoa cha zamani."

"Kwa nini?"

"Anti, si Diwali? Huwezi kuingia mwaka mpya na vitu viwili viwili. Hata Baa alisema kila kilichorudufiwa kitoke." Baa ndiye bibi yake. "Na sikuondoa ovyo. Niliiuliza mashine kama kuna kitu kinategemea hicho. Ikasema kuna kifurushi kimoja kidogo, nacho hakuna anayekitumia. Nikaviondoa vyote viwili."

Agnesi alilipima jibu hilo na kuliona sahihi. Programu yake ya kuzungumza ilifungwa kwa mkono, kutoka kwenye faili alizoleta mhadhiri. Haikuwahi kuandikishwa kwenye orodha ambayo mashine hutazama inapoulizwa nani anamtegemea nani. Kwa mashine, Nirali alikuwa ameondoa kitu kisicho na mwenyewe.

"Uliuliza vizuri," alisema. "Ilikujibu ilichokijua. Sasa sikia. Kule nyuma bado mnauza mikanda ya ngozi ya cherehani za mguu?"

"Tunauza."

"Na mikanda ya mpira ya zile za umeme?"

"Ndiyo."

"Jana mlitupa ya ngozi kwa sababu kuna mipya ya mpira?"

"Hapana, mafundi wangetuua. Ule wa mpira hauingii kwenye cherehani ya mguu."

"Basi."

Nirali akasema kwa sauti ndogo, "Nitakimbia kafe ya intaneti, Anti, nikakitafute."

"Utakipata kipya. Kipya tunacho. Kile cha zamani walishakiondoa kule, wanaweka matoleo ya sasa tu. Ila kipo kwenye diski zangu. Bahasha ya kaki, droo ya chini."

Aliinama mwenyewe, akafungua droo. Ilikuwa tupu na ilinuka dawa ya mende. Alipitisha kiganja chake mpaka nyuma, kisha akakirudisha.

"Ile bahasha iliyochanika?" Nirali aliuliza.

"Ile iliyochanika."

"Nilimpa Mwinyimvua akatupe."

Mwinyimvua alikuwa ameshafika mlangoni mwa stoo, maana sauti ya Agnesi haikuwa ya kawaida. "Sikutupa, Mama Aaron. Mimi kitu kinachong'aa situpi. Nilimpa Mbaruku, muuza dagaa wa Mtaa wa Mkunguni, anafukuzia kunguru."

"Anafukuzia nini?"

"Kunguru. Anazitundika juu ya meza. Jua likipiga zinametameta, kunguru wanaogopa."

Agnesi alisimama, akachukua fimbo yake nyeupe na kunyoosha mkono. "Nipe kiwiko. Twende."

Mtaani watu walikuwa wengi kupita siku nyingine zote. Ramadhani ilikuwa inaishia, na Kariakoo nzima ilikuwa imetoka kununua nguo za sikukuu. Agnesi alishika kiwiko cha Mwinyimvua na kutembea nusu hatua nyuma yake. Mwinyimvua alifungua njia kwa mdomo.

"Samahani, samahani bosi. Dada, pisha mzigo. Wewe na viatu vyako, pisha, mtu mzima anapita!"

"Mimi ndiye mzigo?" Agnesi aliuliza.

"Wewe ni mtu mzima. Mzigo ni njaa yangu."

Walipokaribia meza ya Mbaruku, Agnesi hakuhitaji kuambiwa. Harufu ya dagaa wakavu ilikaa hewani kama ukuta, na juu yake walilia kunguru, lakini kwa mbali kidogo, upande wa jirani.

"Dagaa wa Kigoma, mama, hana mchanga huyu! Karibu, onja!"

"Kuonja mchana wa Ramadhani, Mbaruku?" Mwinyimvua alisema.

"Mama nimeona ana msalaba shingoni, wewe ndiye usionje. Unatakaje?"

"Zile sidii nilizokupa jana. Zilikuwa za mama huyu. Kuna kosa lilifanyika."

"Aa, kaka. Zawadi hairudi." Mbaruku hakukasirika, alisema tu kama mtu anayetaja bei. "Tangu nitundike, kunguru wote wamehamia kwa Hamadi. Sikiliza anavyolalamika kule."

"Ninataka moja tu," Agnesi alisema. "Zingine zibaki na kunguru. Nishike mkono unionyeshe zilipo."

Mbaruku alikuwa hajatambua hadi hapo kwamba mteja wake haoni. "Utaijuaje ipi?"

"Nitaijua."

Alimwelekeza mkono kwenye kamba. Diski zilikuwa zimefungwa kwa uzi kupitia tundu la katikati, zikizunguka polepole. Kila moja ya diski za Agnesi ilikuwa na kipande cha plastiki alichokibandika karibu na tundu, chenye nukta za maandishi ya vipofu. Ya kwanza aliyoigusa haikuwa na nukta. Ilikuwa filamu ya mtu mwingine. Ya pili ilikuwa yake, lakini ilikuwa diski ya michezo na programu za kuchapa. Ya tatu ilikuwa yake pia, ya mwisho katika seti. Kamba ikaisha.

"Zilikuwa tatu," alisema. "Ya kwanza ya seti ndiyo ninayoitaka. Iko wapi?"

"Hizo ndizo zote."

"Mbaruku," Mwinyimvua alisema, "nilikupa tatu, na mkononi nilizihesabu."

Muuza dagaa alicheka ghafla. "Ee bwana wee. Ile nyingine uzi ulikatika." Alinyanyua kitu mezani, na dagaa wakamwagika kwa mlio mkavu kama wa mvua ya kwanza kwenye bati. "Nilikuwa nimewekea sampuli. Sahani nzuri, haishiki mafuta."

Ilishika mafuta. Agnesi aliipokea kwa ncha za vidole na kuinusa bila kutaka. Chini ya unga wa magamba alizisoma nukta zake: ya kwanza. Aliigeuza na kupitisha ukucha kwenye upande unaong'aa. Kulikuwa na mikwaruzo, ila si mirefu. Na iliyokuwa mirefu ilitoka katikati kwenda nje, ambayo ni afadhali kuliko inayozunguka.

"Nitakuletea kifuniko cha kopo la bobini za cherehani," alimwambia Mbaruku. "Kimechovywa nikeli. Kinang'aa kuliko hii, na ni sahani kweli."

"Viwili," alisema Mbaruku.

"Viwili."

Walirudi kwa haraka zaidi. Mlangoni Mwinyimvua alimsimamisha na kumvuta pembeni. "Kuna maua yamechorwa chini kwa unga. Pitia kushoto, Mama Aaron." Agnesi aliinua mguu kuliepuka pambo la rangi kizingitini. Alisikia sahani za shaba zikipangwa na akanusa ubani. Halafu kandambili za Mama Sudha zikamjia.

"Nini hicho kinanuka?"

"Dagaa, Mama," Agnesi alisema.

"Dagaa. Katika duka langu. Leo, Lakshmi anakuja, wewe unamletea dagaa."

"Ni diski. Ilikuwa chini ya dagaa. Bila hiyo mashine haitasema."

Mama Sudha hakuwahi kula samaki wala yai maisha yake yote, na nyumbani kwake hata neno lenyewe halikutajwa mezani. Lakini alikuwa pia mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuliza swali la pili. "Ikioshwa inaharibika?"

"Haiharibiki."

"Oshea uani. Nikikuruhusu ndio iingie. Mimi nitainusa mwenyewe."

Uani kulikuwa na bomba. Agnesi aliisugua diski kwa kidole na sabuni ya maji. Mwinyimvua alileta limau lililokatwa, na stilwaya ya kusugulia sufuria.

"Hiyo rudisha," Agnesi alisema aliposikia inavyokwaruza mkononi mwake. "Ukiigusa na hiyo, tumemaliza."

Aliisuuza, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, kisha akaipeleka mlangoni kwa mkono ulionyooshwa. Mama Sudha aliinusa kwa muda.

"Bado."

Alirudi bombani na limau. Ndani alisikia sauti ngeni, ya kijana anayeongea kwa kujiamini: fundi wa mfumo mpya alikuwa amefika na kuvutiwa kiti cha plastiki. Alisikia Nirali akimwambia aanze na zile mbili za mbele.

"Na ile ya kona?" fundi aliuliza.

"Ile subiri."

"Ile ina Linux, dada. Mimi naifuta yote, naweka upya. Robo saa tu."

"Nimesema subiri," Nirali alisema, na sauti yake ilifanana ghafla na ya bibi yake.

Mama Sudha aliinusa diski mara ya pili, mbele na nyuma. "Haya. Ila iweke mbali na mithai zangu tamu."

Mashine iliimeza diski na kuanza kuizungusha. Kiendeshi kililia, kikapunguza mwendo, kikajaribu tena. Agnesi aliandika amri ya kurudisha kifurushi cha toleo la zamani pamoja na kile cha nyongeza. Nirali alisimama nyuma yake bila kuulizwa.

Kengele mbili.

"Imekataa?" Nirali aliuliza.

"Imesoma nusu. Soma kwenye skrini. Usinifupishie. Kila neno."

Nirali alisoma kila neno, hata namba. Kosa la kusoma lilikuwa kwenye kifurushi cha nyongeza; toleo la zamani la Tcl lenyewe lilikuwa limeshaingia salama. Agnesi aliitoa diski, akaipulizia pumzi, akaifuta tena kuelekea nje, akairudisha. Nyuma yake alisikia kiberiti kikitikiswa. Mama Sudha alikuwa anapanga tambi kwenye taa za udongo, bado hajawasha.

Kiendeshi kililia kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kengele moja.

"Imeingia!" Nirali alisema.

"Imeingia. Haijasema."

Aliendesha skripti. Kengele mbili. Mwinyimvua, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alitoa pumzi kwa kelele. Agnesi hakusogea. Alimwaga malalamiko kwa msemaji kama asubuhi, na msemaji akarudia neno lilelile: skripti haikioni kifurushi.

"Lakini kipo!" Nirali alisema. "Nimeona kinaingia."

"Kipo kwenye chumba cha toleo la zamani. Skripti inaita Tcl bila kusema ipi, na tangu la zamani liondolewe jana, ukiita hivyo inaitika mpya. Mpya haiingii chumba cha zamani." Alifungua faili la skripti. Mstari wa kwanza wa faili la namna hiyo huiambia mashine ni nani atakayelisoma. "Soma mstari wa juu."

Nirali aliusoma, herufi na alama zote za mkwaju.

"Mwisho wake kuna namba?"

"Hakuna namba."

Agnesi alikwenda mwisho wa mstari na kuongeza namba ya toleo: nane, nukta, tatu. Akahifadhi. Alisikia njiti ya kiberiti ikikwaruzwa.

"Baa, ngoja!" Nirali alisema.

"Saa ya puja haingoji mtu," Mama Sudha alisema. Lakini njiti ilizimika, labda kwa upepo wa feni, na aliitafuta nyingine bila haraka.

Agnesi aliendesha skripti. Kengele moja. Halafu sauti kavu ya kiume ikasema kwa Kiingereza kwamba iko tayari, na papo hapo ikaanza kusoma kila kilichokuwa kwenye skrini, kutoka juu, bila kupumua: mikwaju, nukta, namba, kosa la kwanza, kosa la pili. Agnesi aliiacha isome yote.

"Sasa mfanye anyamaze," Mwinyimvua alisema. "Kafungiwa tangu jana, anatumaliza."

Fundi wa mfumo mpya alisogeza kiti chake. "Kwa hiyo hii ya kona sifungi?"

"Imesema au haijasema?" Mama Sudha alimuuliza.

"Imesema, mama."

"Basi umesikia."

Taa ikawashwa. Mama Sudha alizunguka dukani akitia alama ya unga mwekundu kwenye rejista, kwenye mizani, kwenye kasha la kila mashine. Alipofika kwenye kona alimpaka na Agnesi mwenyewe kwenye kipaji cha uso, bila kumuuliza dini yake, kama alivyofanya kila mwaka. Kisha akamwambia aandike neno la kwanza la mwaka. Agnesi aliandika Shri, neno la baraka, kama walivyoandika katika vitabu vya duka hilo tangu zama za mume wa Mama Sudha. Mashine ililisoma kama neno la Kiingereza ambalo halipo, na Mama Sudha alicheka mpaka akashika kaunta.

"Huyu Mzungu wako hajui kuomba."

"Atajifunza," Agnesi alisema.

Mwinyimvua aliondoka kuwahi futari, na vifuniko viwili vya nikeli mfukoni vya kumpelekea Mbaruku njiani. Fundi aliendelea na mashine za mbele. Nirali alichukua sahani ya mithai, akamwekea Agnesi kando ya kibodi.

"Nirali, vuta kiti," Agnesi alisema. "Kazi bado."

"Si imepona?"

"Imepona kwa leo. Ukiiuliza sasa nani anategemea toleo la zamani, itakujibu nini?"

Nirali alifikiri. "Kile kifurushi kidogo. Kisicho na mtu."

"Na Diwali ijayo mtu mwingine atasafisha."

Walikaa pamoja. Agnesi alisema, Nirali akaandika. Walitengeneza kifurushi kitupu, kisicho na kitu ndani ila jina na maelezo machache: kwamba kuna programu ya kuzungumza kwenye mashine hii, kwamba ilifungwa kwa mkono, na kwamba inahitaji toleo la zamani na nyongeza yake. Wakakiandikisha kwenye orodha, mahali ambapo mashine hutazama inapoulizwa.

"Sasa liondoe toleo la zamani," Agnesi alisema.

"Anti?"

"Liondoe. Vilevile ulivyofanya jana."

Nirali alisita, kisha akaandika amri ileile. Mashine ilikataa, na sauti kavu ikasoma sababu: kuna programu ya kuzungumza inayolitegemea.

"Jaribu tena," Agnesi alisema.

Ikakataa tena, kwa maneno yaleyale. Agnesi aliisikiliza hadi neno la mwisho, akala kipande kimoja cha mithai, kisha akafungua barua ya Guangzhou iliyokuwa inangoja jibu tangu asubuhi.